Nani Amlipe Mkusanya Mbegu? Ruzuku na Mafunzo ya Wanafunzi katika Ardhi ya Umma ya Marekani

Mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya masomo isiyo na ubishi. Daktari hafunzwi udaktari kwa vitabu pekee, wala seremala hapewi cheti kabla ya kushika patasi. Kadhalika mwanafunzi wa ardhi, wa misitu au wa wanyamapori hana budi kukaa porini majuma kadhaa, apime, ahesabu, akosee na kusahihishwa. Lakini liko swali moja ambalo vitabu vya kiada hulikwepa, nalo huulizwa na mzazi siku ile barua ya chuo inapofika nyumbani: huko porini mtoto atakula nini, atalala wapi, na nauli itatoka wapi?

Swali hilo si la mzazi pekee. Ni swali la sayansi pia, kwa maana jibu lake huamua ni vijana gani watakaojifunza kuitunza ardhi na, kama tutakavyoona, huamua hata idadi ya mbegu zitakazofika ghalani. Katika makala hii tutalifuata swali hilo kwa mfano wa Marekani, ambako kwa zaidi ya miaka 90 fedha za serikali zimetumika, kwa vipindi, kuwaweka vijana kazini katika ardhi ya umma. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu hesabu zake ziko wazi, na makosa yake pia yako wazi.

ARDHI YA UMMA NI IPI?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Msomaji wa Tanzania akisikia "ardhi ya umma" atafikiri ardhi yote ya nchi, naye atakuwa sahihi: kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi, kisha hugawanywa katika ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Msomaji wa Kenya atakumbuka Katiba ya mwaka 2010, inayotofautisha ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi. Nchini Marekani, katika somo hili, maana yake ni ardhi ambayo serikali kuu yenyewe ndiyo mwenye mali. Ni hekta kama milioni 259, yaani zaidi ya robo ya nchi, na sehemu kubwa iko katika majimbo ya magharibi. Katika jimbo la Nevada kama asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu.

Ardhi hiyo husimamiwa na idara kadhaa. Idara ya Misitu iko chini ya Wizara ya Kilimo. Idara ya Hifadhi za Taifa na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. (Jina la wizara hiyo lisimpotoshe msomaji: kule haishughuliki na polisi wala magereza, bali ardhi, maji, madini na mambo kama hayo.) Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, iliyoundwa mwaka 1946, ndiyo yenye eneo kubwa kuliko zote: hekta kama milioni 99. Tanzania nzima, pamoja na maziwa yake, ina hekta kama milioni 94.5. Fikiri basi ofisi moja inayopaswa kujua hali ya majani, udongo, maji, mifugo na moto katika eneo linaloizidi Tanzania, tena sehemu kubwa ikiwa ni nyika kavu isiyo na makazi. Ni dhahiri kuwa watumishi wa kudumu pekee hawawezi kuifanya kazi yote hiyo.

VIJANA WALIANZA LINI?

Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alianzisha Kikosi cha Uhifadhi cha Raia. Kilichukua hasa vijana wa kiume wasio na kazi wala wake, wakapewa chakula, kambi na dola 30 kwa mwezi. Katika hizo, kwa kawaida dola 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Hadi kilipovunjwa mwaka 1942 kilikuwa kimepokea vijana kama milioni 3, waliopanda mabilioni ya miti, kujenga njia na kuzima moto. Kilikuwa na aibu zake: wasichana hawakukubaliwa, na vijana weusi kwa sehemu kubwa walitengwa katika kambi zao. Hata hivyo zile dola 25 zastahili kukumbukwa. Serikali ilikuwa imelijibu swali la mzazi kabla halijaulizwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watalii waliongezeka katika hifadhi za taifa, lakini fedha za kuzitunza hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Mwaka 1953 mwandishi Bernard DeVoto alichapisha makala ya hasira akitaka hifadhi zifungwe mpaka zitakapopewa fedha za kutosha. Miongoni mwa walioisoma alikuwamo mwanafunzi wa chuo cha Vassar, Elizabeth Cushman, naye katika tasnifu yake ya mwaka 1955 akapendekeza kwamba wanafunzi wapelekwe wakafanye kazi ambazo watumishi hawazimudu. Tasnifu nyingi huishia kabatini. Hii haikuishia huko. Mwaka 1957 wanafunzi 53 walikwenda katika hifadhi za Olympic na Grand Teton, na huo ukawa mwanzo wa Chama cha Wanafunzi cha Uhifadhi, ambacho baadaye kilipeleka maelfu ya vijana kila mwaka.

Hao 53 walikuwa wa kujitolea, na hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Kujitolea ni sifa njema, lakini anayejitolea kwa miezi mitatu ni yule ambaye nyumbani kwao hawautegemei mshahara wake wa likizo. Mwanafunzi ambaye likizo ndiyo wakati wake wa kutafuta karo hataonekana katika orodha ya waombaji, na kutokuonekana kwake hakutaandikwa popote. Ofisi itasema, "Tuliwatangazia wote." Ndivyo taaluma nzima inavyoweza kujaa watu wa tabaka moja bila ya yeyote kukusudia.

Sheria za baadaye zilijaribu kulirekebisha jambo hili. Mwaka 1970 kilianzishwa kikosi cha malipo kwa vijana wa miaka 15 hadi 18. Mwaka 1977 kikafuata kingine cha vijana wakubwa zaidi, ambacho kilikufa mwaka 1982 fedha zake zilipokatwa. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria ya Kikosi cha Ardhi ya Umma, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mikataba mingi ya namna hii.

NYASI, MOTO NA MBEGU

Ili tuone fedha hizi hununua kitu gani hasa, tuache historia tutazame kazi moja.

Kati ya milima ya Rocky na safu ya Sierra Nevada kuna uwanda mpana na mkavu uitwao Great Basin. Mito yake haifiki baharini. Huishia katika maziwa ya chumvi au hupotelea mchangani. Mmea unaotawala sehemu kubwa ya uwanda huo ni kichaka cha rangi ya kijivu, Artemisia tridentata, wa jenasi moja na pakanga tunayoifahamu kwa dawa. Kichaka hiki hukua polepole na huweza kuishi kwa miongo mingi. Kivulini mwake huota majani na maua ya msimu, na yuko ndege mmoja mkubwa wa jamii ya kwale ambaye wakati wa baridi hula karibu majani ya kichaka hicho peke yake.

Mwishoni mwa karne ya 19 aliingia mgeni: nyasi iitwayo Bromus tectorum, yenye asili ya Ulaya na Asia. Nyasi hii huota majira ya kupukutika kwa majani, hukua upesi baridi inapokwisha, kabla mimea mingi ya huko haijaamka, hudondosha mbegu zake, na kiangazi kinapoanza huwa imekwisha kukauka kama karatasi. Zamani vichaka vilitenganishwa na udongo mtupu, na moto ulioanza mahali pamoja haukupata njia ya kwenda mbali. Sasa nyasi imeijaza nafasi ile.

Angalia jinsi mambo yanavyoshikana. Artemisia tridentata ikiungua haichipui tena kutoka mizizini, na mbegu zake hazidumu ardhini kwa muda mrefu. Nyasi nayo, wakati moto unapopita, huwa imekwisha kumwaga mbegu. Mwaka unaofuata kichaka hakipo na nyasi ni nyingi kuliko kwanza. Moto hurudi mapema zaidi, na nyasi huongezeka tena. Mahali palipokuwa pakiungua mara moja katika miongo mingi, leo huweza kuungua kila baada ya miaka michache. Hali hii ambayo tokeo hugeuka kuwa sababu ya tokeo jingine la namna ileile ndiyo ambayo mwalimu wa baiolojia huieleza kuwa mrejesho chanya, ingawa hapa hakuna lolote jema ndani yake.

Njia mojawapo ya kuukata mzunguko huo ni kupanda mimea ya asili baada ya moto, kabla nyasi haijashika nafasi yote. Lakini mbegu gani? Mmea wa spishi ileile uliozoea bonde lenye joto huenda ukafa juu ya mlima wenye baridi kali. Hivyo basi mbegu hutakiwa kutoka katika mimea ya mazingira yanayofanana na yale yaliyoungua. Mbegu za namna hiyo kwa kawaida hazipatikani dukani. Ni lazima kwanza zichumwe kwa mkono porini, kisha wakulima wazizidishe mashambani. Mwaka 2023 Akademia za Taifa za Marekani zilitoa taarifa iliyothibitisha kwamba mbegu za asili zinazopatikana hazitoshelezi mahitaji.

Mwaka 2001 Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, kwa kushirikiana na Benki ya Mbegu ya Milenia ya bustani ya Kew, Uingereza, ilianzisha mpango wa kukusanya mbegu hizo. Sehemu kubwa ya wakusanyaji ni wanafunzi na wahitimu wapya. Kanuni zao ni chache, na kila moja ina sababu.

Mkusanyaji huchuma kutoka mimea isiyopungua 50, iliyotawanyika katika eneo lote, ili mbegu zibebe tofauti za kurithi zilizomo katika kundi hilo. Akichuma kwenye mimea mitano iliyo karibu na barabara atapata mbegu nyingi zenye wazazi wachache. Hachukui zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, ili kundi liweze kujizalisha na ndege wapate chakula. Hulenga kupata angalau mbegu nzima 10,000. Hebu tuziunganishe kanuni hizi kwa hesabu: ikiwa 10,000 zisizidi asilimia 20, basi porini lazima ziwepo mbegu nzima zisizopungua 50,000. Ikiwa kila mmea una mbegu nzima 200, atahitaji kundi la mimea 250. Kundi la mimea 100, japo lipendeze machoni namna gani, atalipita.

Kabla ya kuchuma hukata mbegu chache kwa wembe. Mbegu njema huwa imejaa na kiinitete chake ni cheupe na kigumu kidogo. Nyingine huwa tupu, na nyingine zina funza ndani. Mtu asiyejua huchuma mfuko mzima wa maganda. Kisha hukausha sampuli ya mmea kwa ajili ya hebaria, yaani ghala la mimea mikavu, huandika mahali, mwinuko, udongo na mimea jirani, na kuifunga mifuko. Mbegu hupelekwa mjini Bend, jimbo la Oregon, kusafishwa katika kituo cha Idara ya Misitu. Zile za kuhifadhiwa kwa muda mrefu hukaushwa na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mfuko usio na maelezo, hata ukijaa mbegu bora, hauna thamani.

Jambo ambalo msomaji huenda hakulitarajia ni hili: kila spishi hukomaa kwa wakati wake, na nyingine hudondosha mbegu zote katika siku chache baada ya kukomaa. Mkusanyaji hutembelea kundi lilelile mara tatu, mara nne, mpaka siku yake ifike. Kwa sababu hiyo Bustani ya Mimea ya Chicago, ambayo tangu mwaka 2001 imepeleka zaidi ya vijana 1,000 katika ofisi za ardhi, hasa za magharibi, iliwaweka huko kwa miezi mitano, si majuma matano. Urefu wa mafunzo haukupangwa na kalenda ya chuo. Ulipangwa na mimea. Na mtu hawezi kukaa miezi mitano porini kwa kujitolea, isipokuwa awe na mtu wa kumlipia.

FEDHA HUPITA NJIA GANI?

Ofisi ya serikali ingeweza kuwaajiri vijana hawa moja kwa moja, lakini ajira serikalini ni safari ndefu na idadi ya nafasi huwekewa mipaka. Njia inayotumika sana ni kupitia taasisi ya kati: chuo kikuu, bustani ya mimea, au chama cha vijana. Ofisi huipa taasisi fedha. Taasisi humtafuta kijana, humfunza, humlipa posho na kumkatia bima. Kijana hufanya kazi katika ardhi ya serikali chini ya macho ya mtaalamu wa serikali, ingawa yeye mwenyewe si mtumishi wa serikali.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inatofautisha aina tatu za makubaliano, na ni vema wanafunzi wakazitenganisha, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida zote huitwa "ufadhili". Serikali inaponunua kitu kwa manufaa yake, kama vile magari au uzio, huo ni mkataba wa manunuzi. Inapotoa fedha ili taasisi itimize shabaha yenye manufaa kwa umma, na yenyewe isijiingize sana katika utekelezaji, hiyo ni ruzuku. Shabaha ikiwa hiyohiyo lakini watumishi wa serikali wakashiriki kwa kiasi kikubwa katika kazi, huo huitwa mkataba wa ushirikiano. Mafunzo ya wanafunzi katika ardhi ya umma kwa kawaida huangukia aina hii ya tatu, kwa sababu mtaalamu wa ofisi ndiye anayemwonyesha kijana mmea, ramani na mpaka.

Masharti mawili hujitokeza mara kwa mara. La kwanza ni mchango wa mshirika: katika mipango iliyo chini ya ile sheria ya mwaka 1993, kwa kawaida serikali hulipa hadi asilimia 75 ya gharama na mshirika hutoa asilimia 25, iwe taslimu au kwa vifaa na kazi. La pili huhusu gharama za uendeshaji wa taasisi, yaani umeme, majengo, wahasibu na mengine yasiyoonekana porini. Vyuo vikuu vingi vya Marekani hudai asilimia kubwa kwa jambo hilo. Lakini tangu mwaka 1999 upo mtandao wa vitengo 17 vya ushirikiano kati ya vyuo na idara za serikali, ambamo kiwango hicho kimefungwa kuwa asilimia 17.5.

Je, asilimia hizo zina maana gani kwa kijana? Tuchukue mfano wa kubuni. Posho ni dola 600 kwa juma kwa majuma 20, yaani dola 12,000. Nauli dola 1,200, semina ya mwanzo dola 800, vifaa dola 500, bima dola 1,500. Jumla ni dola 16,000. Ukiongeza asilimia 17.5 ya uendeshaji, yaani dola 2,800, mwanafunzi mmoja hugharimu dola 18,800. Ofisi yenye dola 188,000 itaweka vijana 10. Sasa tuseme taasisi inadai asilimia 50: mwanafunzi yuleyule atagharimu dola 24,000, na fedha zilezile zitatosha vijana 7 tu, na chenji kubaki. Vijana watatu wamepotea ndani ya mstari mmoja wa bajeti ambao watu wengi hawausomi. Haifai kusema kwamba fedha za uendeshaji ni wizi. Mhasibu naye hula. Lakini anayesoma andiko la mradi na aanzie mstari huo.

Liko pia suala la tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, na mara nyingi Bunge huchelewa kupitisha bajeti kwa miezi kadhaa. Mkataba ukitiwa sahihi mwezi Juni badala ya Februari, mhasibu ataona umechelewa miezi minne. Mkusanya mbegu ataona umechelewa mwaka mzima, maana mimea ya mwanzo wa msimu imekwisha kumwaga mbegu.

MLANGO WA SAA 640

Mafunzo yasipoelekea kwenye kazi hugeuka kuwa njia ya kupata vibarua wa bei nafuu. Jambo hili mwandishi analifahamu. Alipokuwa mwanafunzi alipelekwa katika ofisi moja ya wilaya kujifunza upimaji wa ardhi, na kwa majuma manane alipanga mafaili na kuagizwa chai. Alirudi chuoni na barua nzuri ya sifa, hajagusa kipimio hata mara moja.

Sheria ya Marekani imeweka kinga ya sehemu. Kijana wa miaka 16 hadi 30 aliyefanya saa 640 za kazi ya uhifadhi chini ya Kikosi cha Ardhi ya Umma hupata sifa ya kuajiriwa na idara hizo bila kupitia ushindani wa kawaida wa watu wote, na sifa hiyo hudumu miaka miwili. Kwa juma la saa 40, saa 640 ni majuma 16. Tazama tena mfano wetu wa majuma 20: kijana anaufikia mlango huo na kubakiwa na akiba ya majuma manne. Mwenye kupanga mafunzo ya majuma 14 ili kuokoa fedha humfikisha kijana mlangoni na kumfungia.

Hata hivyo mlango si nyumba. Mwaka 2021 Bunge liliitengea Wizara ya Mambo ya Ndani dola milioni 70 kwa ajili ya kuotesha upya mimea ya asili na kutekeleza mkakati wa taifa wa mbegu, na wengi wakaona kwamba zama za uhaba zimepita. Mwezi Februari 2025 serikali mpya iliwaachisha kazi maelfu ya watumishi waliokuwa katika muda wa majaribio, wakiwamo kama 1,000 wa Idara ya Hifadhi za Taifa. Baadhi ya watumishi walirudishwa baadaye. Mtumishi wa majaribio, kwa kawaida, ni yule aliyeingia karibuni, yaani hasa kijana aliyetoka mafunzoni. Mwezi Aprili mwaka huohuo zikakatishwa ruzuku za karibu dola milioni 400 za AmeriCorps, shirika la serikali linalogharimia vikosi vingi vya vijana, vikiwamo vya uhifadhi. Majimbo zaidi ya 20 yalikwenda mahakamani, na mwezi Juni mahakama ikaamuru ruzuku katika majimbo hayo zirejeshwe. Lakini Juni, kama tulivyokwisha kuona, si Aprili.

Kwa maoni yetu, huu ndio udhaifu mkubwa wa mpango mzima. Kichaka cha Artemisia huhitaji miaka mingi kukua, na mtaalamu wa mimea huhitaji miaka kama hiyo. Ruzuku huandikwa kwa mwaka mmoja, au mitano, na huweza kukatishwa kwa barua moja.

KWETU JE?

Nchini Tanzania mwanafunzi wa chuo kikuu anayekwenda kwenye mafunzo kwa vitendo huweza kupata fedha za kipindi hicho kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa kuwa mafunzo hayo ni mojawapo ya vipengele vya mkopo. Ni msaada wa kweli, nao umewawezesha watoto wa wakulima kufika mahali ambapo wasingefika. Lakini mkopo si ruzuku. Mwanafunzi anayesaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji anaifanyia kazi jamii kwa fedha ambazo yeye mwenyewe atazilipa. Tumeona kwamba kule Marekani kwa sehemu kubwa mzigo huo hubebwa na ofisi inayofaidika na kazi. Walimu wa uraia na wa uchumi wangeweza kulifanya suala hili kuwa mjadala wa darasa: ni nani anayenufaika na kazi ya mwanafunzi, na je, anayenufaika ndiye anayelipa?

Kazi yenyewe ya mbegu haiko mbali nasi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imeshirikiana na Kew katika kukusanya na kuhifadhi mbegu za mimea ya Kenya kwa kanuni za namna hiihii. Wala shule haihitaji fedha nyingi ili kuanza. Wembe, karatasi, penseli na mti wa asili ulio karibu na uwanja wa michezo vinatosha kwa kipindi cha kwanza.

ZOEZI

1. Chagua mmea wa asili ulio karibu na shule wenye mbegu zilizokomaa. Kata mbegu 20 kwa uangalifu, mwalimu akiwapo, na uhesabu zilizojaa, zilizo tupu na zenye wadudu. Ikiwa 14 tu ndizo nzima, utahitaji kuchuma mbegu ngapi kwa jumla ili upate nzima 10,000? Na porini lazima ziwepo mbegu nzima ngapi ili usivuke asilimia 20?

2. Tayarisha bajeti ya kumweka mwanafunzi mmoja kwa majuma 16 katika ofisi ya ardhi au ya misitu ya wilaya yako. Tumia bei halisi za chakula, chumba na nauli, ulizouliza mwenyewe. Onyesha ni mstari upi utakaoukata kwanza ukipewa robo tatu tu ya fedha ulizoomba, na ueleze kazi gani ya porini haitafanyika kwa sababu hiyo.

3. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa taasisi ya kubuni ukiomba fedha hizo. Usianze kwa kujieleza wewe ni nani. Anza kwa kueleza ardhi hiyo ina tatizo gani, na ni katika mwezi upi kazi isipofanyika itabidi isubiri mwaka mwingine.